Thomas Odoyo na Kizazi Kilichoibeba Kriketi ya Kenya, 1996–2011



Katika vitabu vya hafla yetu tumezoea kusoma habari za barabara, za kahawa, za shule zetu na za wazee waliotutangulia. Mwaka huu naomba niwapeleke Nairobi, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatukukua nao, yaani kriketi. Nina sababu. Kwa muda wa miaka 15 hivi, timu ya majirani zetu wa Kenya ilitoka mahali pasipojulikana, ikaingia katika timu nne bora duniani, kisha ikaanguka mpaka ikapoteza hata haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Mtu mmoja alikuwemo tangu mwanzo wa kupanda mpaka kwenye kushuka. Jina lake ni Thomas Odoyo. Ukifuatilia maisha yake ya uwanjani, unaona wazi jinsi kikundi kinavyoweza kuinuliwa na watu wachache wenye moyo, na jinsi kinavyoweza kuwachosha watu haohao bila kuandaa wa kuwapokea. Jambo hilo linatuhusu sisi wenye chama cha maendeleo kuliko tunavyodhani.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Nianze na maelezo kidogo, maana kwetu mpira ni wa miguu. Kriketi huchezwa na timu mbili za watu 11. Timu moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka. Mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu kuelekea kwa mpigaji, ambaye ana ubao mkononi na nyuma yake kuna vijiti vitatu vilivyosimamishwa. Vijiti hivyo ndivyo wiketi. Mpira ukigonga vijiti, au ukidakwa hewani baada ya kupigwa, mpigaji anatoka na husemwa kwamba wiketi imeanguka. Kabla hajatolewa, mpigaji hukusanya mikimbio. Akipiga na kukimbia upande wa pili anapata mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani kwa kubiringika anapata minne, na ukivuka mpaka bila kugusa chini anapata sita.

Zamani mchezo huu ulichezwa kwa siku nyingi. Baadaye ikaja aina ya siku moja, ambayo kila timu hupewa ova 50. Ova moja ni mipira sita, hivyo kila timu inapata mipira 300 na si zaidi. Sheria inasema mrushaji mmoja asizidishe ova 10. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami: ili kumaliza ova 50, timu inahitaji warushaji watano angalau. Ukitoa watano kati ya 11, wanabaki sita, na mmoja wao ni mlinda wiketi anayekaa nyuma ya vijiti. Kama wale watano hawajui kupiga, basi wapigaji sita wakishatoka kilichobaki ni kuhesabu dakika.

Hapo ndipo anapohitajika mtu anayejua kazi zote mbili. Katika soka tunamwita kiraka yule anayeweza kuhamishwa kutoka beki kwenda kiungo. Kiraka wa kriketi ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu hufanya kazi zote mbili katika mechi ileile. Asubuhi anarusha, mchana anapiga, au kinyume chake. Timu yenye kiraka mzuri ni kama imeingia uwanjani na watu 12 wakati mpinzani ana 11. Tena katika mchezo wa ova chache, kiraka hapewi nafasi ya kukaa na kupima upepo. Anaingia kupiga wakati mipira imebaki michache, na anatakiwa kushambulia tangu mpira wa kwanza.

KIJANA WA 1996

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kabisa katika kriketi ya dunia. Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Uingereza mwaka 1975, lilikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, mchanganyiko wa wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilipoteza mechi zake zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Wachezaji wake karibu wote walikuwa na asili ya Asia au Ulaya. Wakati huo kriketi ilikuwa mchezo wa klabu za Wahindi na Wazungu mijini, na Mwafrika alionekana huko zaidi akiwa mfanyakazi wa uwanja.

Mjini Nairobi hali ilibadilika taratibu. Vijana wa Kiafrika waliokua karibu na viwanja hivyo walianza kwa kutazama na kuokota mipira, wakaishia kuandikishwa kwenye timu. Steve Tikolo alijulikana akichezea klabu ya Swamibapa, Maurice Odumbe akichezea Aga Khan. Wengi walikuja kwa ukoo: ndugu wa Tikolo, ndugu wa Odumbe, Martin Suji na mdogo wake Tony, na baadaye Kennedy Otieno na wadogo zake David na Collins Obuya. Orodha ya timu ya taifa ilisomeka kama ya sherehe ya familia nne au tano. Naomba msomaji aikumbuke hali hiyo, maana nitairudia.

Thomas Odoyo alizaliwa Nairobi tarehe 12 Mei 1978. Kenya ilipokwenda Kombe la Dunia la 1996, lililoandaliwa na India, Pakistan na Sri Lanka, ilimchukua akiwa hajatimiza miaka 18. Mechi ya kwanza ya Kenya ilikuwa dhidi ya India mjini Cuttack, tarehe 18 Februari. Kenya ilipata mikimbio 199, na Sachin Tendulkar peke yake akapiga 127 bila kutolewa. India ilishinda bila jasho.

Siku 11 baadaye, tarehe 29 Februari, Kenya ilikutana na West Indies mjini Pune. West Indies ilikuwa imechukua makombe mawili ya kwanza ya dunia, 1975 na 1979, na kikosini ilikuwa na Brian Lara, aliyekuwa anashikilia rekodi za dunia za upigaji. Kenya ilipiga ikapata mikimbio 166 tu. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Lakini Lara aligusa mpira wa Rajab Ali, na mlinda wiketi Tariq Iqbal, mtu wa mwili mkubwa ambaye hakuwa na sura ya mwanamichezo, akaudaka. West Indies ilitolewa yote kwa mikimbio 93. Kenya ikashinda kwa tofauti ya 73. Maurice Odumbe, nahodha, aliangusha wiketi tatu kwa mikimbio 15 na kuwa mchezaji bora wa siku hiyo.

Odoyo alikuwa bado mwanafunzi wa mchezo katika kikosi hicho. Hata hivyo aliona mapema jambo ambalo vijana wengi hawalioni, kwamba jina kubwa la mpinzani halina mikimbio ndani yake.

HESABU YA SAFU MBILI

Sisi wahasibu kila tukio tunaliandika mara mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka. Kumpima kiraka kunafanana na hilo. Upande mmoja unahesabu mikimbio aliyoiletea timu, upande wa pili unahesabu wapinzani aliowatoa. Wachezaji wengi wana upande mmoja uliojaa na wa pili mtupu. Odoyo alijaza pande zote mbili.

Kwa mkono wa kulia alirusha mpira wa kasi ya wastani kwenda juu kidogo. Kwa miaka mingi yeye na Martin Suji ndio waliofungua ova za kwanza, wakati mpira ungali mpya na wapigaji hodari wa upande wa pili wana nguvu zao zote. Hiyo peke yake ni kazi ya kutwa. Kisha alipofika zamu ya kupiga, mara nyingi aliingia nafasi ya sita au ya saba, wiketi zikiwa zimeshaanguka na ova zikiwa zinahesabika. Mpigaji wa nafasi hiyo hana anasa. Akizubaa timu inamaliza ova zake na mikimbio kiduchu, na akikurupuka anatoka, nyuma yake wamebaki warushaji watupu.

Msimu wa 1997/98, dhidi ya Zimbabwe, Odoyo na Tony Suji waliongeza mikimbio 119 wakiwa pamoja kwa wiketi ya saba. Kwa msomaji wa soka, hiyo ni kama timu iliyofungwa mabao matatu kurudishiwa mchezo na mabeki wake. Mwezi Mei 1998 Kenya iliishinda India nyumbani kwake, mjini Gwalior, kwa tofauti ya mikimbio 69. Mwezi Oktoba 2001 iliishinda India tena, safari hii Port Elizabeth, Afrika Kusini, kwa tofauti ya 70. Mara moja watu wanaweza kuita bahati. Mara ya pili wanaanza kuuliza.

Mpaka alipomaliza, Odoyo alikuwa amecheza mechi zaidi ya 130 za kimataifa za siku moja, amekusanya mikimbio zaidi ya 2,300 na kuangusha wiketi zaidi ya 140. Alikuwa mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyo na hadhi ya kucheza mechi za majaribio, zile za siku tano, kufikisha wiketi 100 katika kriketi ya siku moja. Tuelewe maana yake. Mchezaji wa India au Australia anaweza kucheza mechi 30 kwa mwaka. Mchezaji wa Kenya alisubiri mialiko kama mkulima anavyosubiri mvua. Kufikisha wiketi 100 kwa mialiko ya aina hiyo kulihitaji mwili uliotunzwa na moyo usiokata tamaa.

MWAKA 2003

Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa Afrika, katika nchi za Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Steve Tikolo alikuwa nahodha, na kocha alikuwa Sandeep Patil kutoka India.

Mhasibu hana ruhusa ya kuficha kilichopatikana bure, kwa hiyo nakiandika: New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, na Kenya ikapewa alama za mechi hiyo bila kurusha mpira. Lakini zilizobaki ilizifanyia kazi. Mjini Cape Town, dhidi ya Canada, Odoyo aliangusha wiketi nne kwa mikimbio 28 akawa mchezaji bora wa mechi. Tarehe 24 Februari, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya ilipata 210 na kuitoa Sri Lanka yote kwa 157. Siku hiyo Collins Obuya, kijana wa miaka 21, aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 24. Sri Lanka haikuwa timu ya kubahatisha, maana miaka saba nyuma ilikuwa bingwa wa dunia. Mjini Johannesburg Kenya ikaishinda Bangladesh.

Hatua iliyofuata, tarehe 12 Machi mjini Bloemfontein, Zimbabwe ilitolewa yote kwa mikimbio 133. Kenya ikaifikia hesabu hiyo kwa kupoteza wiketi tatu tu, na waliokuwa uwanjani kumalizia kazi, bila kutolewa, walikuwa Odumbe na Odoyo. Ushindi huo uliipeleka Kenya nusu fainali. Hakuna nchi isiyo na hadhi ya mechi za majaribio iliyowahi kufika hapo kabla yake.

Siku tatu baadaye walikutana na Australia, bingwa wa wakati huo, mjini Durban. Kenya ilishindwa, lakini Aasif Karim, mtu wa miaka 39 aliyeitwa tena baada ya kustaafu, aliwatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Dunia nzima ilimshangilia. Nusu fainali ilikuwa tarehe 20 Machi, Durban palepale. India ilipata 270, nahodha wake Sourav Ganguly akipiga 111 bila kutolewa. Kenya ilifikia 179. Safari ikaishia hapo, kwa heshima.

Hebu turudi kwa Karim. Furaha ya siku ile ilikuwa halali kabisa. Ila mtu anayesoma vitabu vya hesabu angejiuliza: imekuwaje tunamwita mzee wa miaka 39 kutoka nyumbani kwake? Wako wapi wa miaka 20? Alikuwepo Obuya, na wengine wachache. Nguzo za timu zilikuwa zilezile za 1996. Tikolo alikuwa na miaka 31, Odumbe 33. Odoyo, ambaye tayari alikuwa mkongwe, alikuwa bado hajatimiza 25.

KILICHOFUATA

Baada ya nusu fainali kulikuwa na sifa, mikutano na ahadi nyingi. Ilizungumzwa kwamba Kenya ipewe hadhi ya mechi za majaribio, kama ilivyopewa Bangladesh mwaka 2000. Bangladesh hiyohiyo ilikuwa imeifunga Kenya kwa tundu la sindano katika fainali ya kombe la nchi zisizo na hadhi hiyo mwaka 1997, na tangu hapo Kenya iliishinda zaidi ya mara moja. Uwanjani tofauti ilikuwa ndogo. Chini ya uwanja tofauti ilikuwa kubwa, kwa sababu Bangladesh ilikuwa na watoto maelfu kwa maelfu wanaocheza kriketi mitaani na mashuleni, na Kenya ilikuwa na klabu chache za Nairobi na Mombasa, pamoja na zile familia nilizozitaja.

Mwaka 2004 wachezaji walianza kugoma wakidai malipo yao. Mwaka huohuo Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kosa la kuwa na uhusiano na mtu wa kamari. Viongozi walivutana, chama cha zamani kikaondolewa, na mwaka 2005 kikaundwa kipya. Katikati ya mvutano huo mechi za kimataifa zilikuwa haba, na kila mwaka uliopita bila mechi ulikuwa mwaka uliokatwa katika umri wa wachezaji walewale.

Odoyo aliendelea. Mwaka 2007, akiwa na miaka 29, alitajwa na Baraza la Kimataifa la Kriketi kuwa mchezaji bora wa mwaka wa nchi zisizo na hadhi ya mechi za majaribio. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwaka huohuo alifikisha mikimbio 111 bila kutolewa dhidi ya Canada. Ukitazama upande wake wa daftari, mambo yalikuwa mazuri kuliko wakati wowote. Ukitazama upande wa timu, mwezi Septemba wa mwaka huohuo, katika Kombe la Dunia la ova 20 lililochezwa Afrika Kusini, Sri Lanka iliipiga Kenya mikimbio 260 katika ova 20 na kushinda kwa tofauti ya 172. Mtu mmoja alikuwa anapanda huku nyumba yake inashuka. Hapo ndipo ninapoona fundisho kubwa la habari hii: tuzo ya mtu mmoja inaweza kuficha ufa wa nyumba nzima.

Kombe la Dunia la 2011 lilikuwa la tano kwa Odoyo na kwa Tikolo. Katika mechi ya kwanza, mjini Chennai, Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 69, na New Zealand ikaifikia hesabu hiyo bila kupoteza wiketi hata moja. Kenya ilipoteza mechi zote sita. Mapema mwaka 2014, baada ya kushindwa kufuzu huko New Zealand, ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Miaka 11 tu ilikuwa imepita tangu Durban.

Odoyo hakukaa pembeni kulaumu. Alirudi kuwa kocha wa timu ya taifa. Lakini mwezi Februari 2018, Kenya ilipomaliza ya mwisho katika mashindano ya daraja la pili huko Namibia, yeye, nahodha na mwenyekiti wa chama wote walijiuzulu. Nasoma jambo hilo kwa huzuni. Kiraka yule aliyerusha na kupiga kwa miaka 15 alipewa na kazi ya tatu, ya kufundisha, wakati kitalu cha kumpatia wanafunzi kilikuwa hakijaoteshwa.

MAJIRANI ZETU WA RWANDA

Msomaji asije akadhani kwamba kuanguka ndiyo hatima ya kila mtu. Tuangalie jirani aliye karibu nasi zaidi. Kutoka Manyovu, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Kriketi ya Rwanda iliota mizizi baada ya 1994, ikiletwa kwa sehemu kubwa na watu waliorudi kutoka uhamishoni, waliokuwa wamejifunza mchezo huo Uganda, Kenya na Tanzania. Sisi tulioishi na wakimbizi miaka yote tunajua kwamba mtu hubeba mengi zaidi ya mzigo wa kichwani. Hawakuwa na kina Odoyo. Hawakuwa hata na uwanja wa maana. Wakaamua kuchangisha. Mwezi Mei 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, mhandisi kwa taaluma, alisimama mjini Kigali akipiga mipira kwa saa 51 ili kuvunja rekodi ya dunia na kuwavuta wachangiaji. Mwezi Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga, nje kidogo ya Kigali, ulifunguliwa. Ulijengwa kwa michango.

Wakautumia kulea vijana, wakiwemo wasichana. Mwezi Januari 2023, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa chini ya miaka 19 lililochezwa Afrika Kusini, wasichana wa Rwanda waliishinda Zimbabwe, kisha wakaishinda West Indies. Ni jina lilelile la Pune 1996, ila safari hii waliofanya hivyo walikuwa mabinti waliolelewa kwenye uwanja wa michango. Uganda nayo iliwekeza kwa vijana wake, ikafuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, na tarehe 5 Juni huko Guyana ikaishinda Papua New Guinea. Na hapa kwetu Tanzania, mwaka 2025 vijana wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo.

NA SISI WA MANYOVU?

Kila chama cha watu wa nyumbani kina kina Odoyo wake. Ni wale wachache ambao ukiita kikao wanakuja, ukitaja mchango wanatoa kwanza, msiba ukitokea wanashika daftari, na ikihitajika kwenda halmashauri kufuatilia barua wanakwenda kwa nauli zao. Wanarusha na wanapiga. Tunawapongeza kila mwaka, na tunafanya vyema kuwapongeza. Lakini tukiwaangalia usoni tunaona mvi.

Sisi watu wa kahawa tunalijua jambo hili bila kufundishwa kriketi. Mbuni mzee unaweza kukupa mavuno mazuri msimu huu na ujao, ukaridhika nao. Mche unaoupanda leo unahitaji miaka mitatu hivi kabla haujakupa debe la kwanza. Anayengoja mbuni mzee ukauke ndipo aanze kutafuta miche, ana miaka mitatu ya njaa mbele yake.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu kwenu, kama mwanachama na kama mtu wa hesabu. Kwanza, katika kila fedha tunayochangisha, tutenge fungu linalojulikana kwa jina lake kwa ajili ya vijana: ada kwa wenye uwezo darasani wasio na uwezo mfukoni, viwanja vya shule zetu visawazishwe, na vifaa vya michezo vinunuliwe, uwe mpira wa miguu, wa pete au hata kriketi. Pili, kila mwenye wadhifa katika chama awe na kijana mmoja anayejifunza kazi hiyo kando yake, msichana au mvulana, na ajulikane kwa wanachama. Tatu, hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwaka, mapato na matumizi, maana mgogoro wa fedha ambao haujasemwa kikaoni hauishi, unaota mizizi.

Thomas Odoyo alitoa alichokuwa nacho kwa mikono yote miwili tangu akiwa kijana wa miaka 17. Ukisoma daftari lake huoni deni. Deni liko kwa waliomtegemea miaka 15 bila kumwandalia mrithi. Usiku huu, unapojaza fomu yako ya ahadi, waangalie wazee wetu waliokaa meza za mbele, kisha waulize vijana waliokaa nyuma kama wanajua chama kinaendeshwaje. Kama hawajui, ongeza kidogo kwenye ahadi yako, na uandike pembeni kwamba nyongeza hiyo ni ya vijana.

Mungu aibariki Manyovu na Buha yote.